Prado iliyopoteza kilometa 11: uchambuzi wa kisa cha matairi makubwa na spidomita

Gari lililoletwa gerejini kwetu lilikuwa Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 120, ya mwaka 2006, yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV ya lita 3.0. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu, ambaye kila wiki husafiri kutoka Arusha kwenda shambani kwake upande wa Babati, na alikuja na malalamiko mawili ambayo kwake hayakuwa na uhusiano wowote. La kwanza ni kwamba gari limeanza kula mafuta. La pili alilitaja kwa uchungu zaidi: ndani ya miezi miwili alikuwa amepigwa tochi, yaani kunaswa na kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, mara mbili kwenye vijiji vya njiani na kulipa faini ya shilingi 30,000 kila mara, ilhali kwa miaka yote aliyoitumia barabara hiyo hakuwahi kuandikiwa faini hata moja.

Kuhusu mafuta, alikuwa amekwishapita kwa fundi mwingine, akaambiwa kwamba tatizo ni nozeli, yaani vifaa vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini. Ushauri huo haukuwa wa ajabu, kwa sababu nozeli za injini hii zinajulikana kwa kusumbua zikichoka, na fundi yeyote akisikia 1KD inakula mafuta mawazo yake huenda huko kwanza. Nozeli zote nne zikafunguliwa, zikapimwa na kusafishwa, zikarudishwa, na ulaji wa mafuta ukabaki pale pale. Alipotufikia sisi alikuwa akiulizia bei ya nozeli mpya.

Kilichotuokoa ni neno alilolitaja kama mazungumzo tu, wakati kijana wetu akifungua boneti. Alisema kwamba siku hizi safari yake imekuwa fupi: zamani kutoka getini kwake hadi getini kwa shamba gari lilikuwa likihesabu kilometa 171, na sasa linahesabu 160. Alidhani labda ni kwa sababu ya barabara kunyooshwa mahali fulani. Nilimuuliza alianza lini kuiona hiyo 160, naye akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba ni tangu alipoinua gari inchi 2 na kufunga matairi mapya. Hapo nikamwomba kijana afunge boneti.

Matairi ya awali ya gari hili yalikuwa 265/65R17, na yaliyofungwa ni 285/70R17. Namba hizo husomwa hivi: ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la zamani lina ubavu wa milimita 172.25; ukichukua bavu mbili na kuongeza rimu ya inchi 17, yaani milimita 431.8, unapata kipenyo cha milimita 776.3. Tairi jipya lina ubavu wa milimita 199.5, na kipenyo chake ni milimita 830.8. Tofauti ni milimita 54 na nusu, kiasi cha upana wa vidole vitatu, na mtu anayelitazama gari likiwa limesimama huona tu kwamba limependeza. Lakini kila tairi linapozunguka mara moja, gari husonga mbele kwa asilimia 7 zaidi kuliko lilivyosonga awali, na hakuna kifaa chochote ndani ya gari kinachoarifiwa jambo hilo.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakiwemo mafundi. Tunazungumza kana kwamba spidomita inapima mwendo na odomita inapima umbali, ilhali vyote viwili huhesabu mizunguko tu, kisha huizidisha kwa ukubwa wa tairi uliodhaniwa kiwandani. Katika Prado hii, ambayo ina breki za ABS, yaani zinazozuia magurudumu yasikwame, kila gurudumu lina sensa yake, sensa hizo hupeleka habari kwenye kompyuta ya breki, na kompyuta hiyo hutoa ishara ya mapigo ya umeme inayokwenda kwenye dashibodi. Mapigo hayo yana historia ninayoipenda. Zamani spidomita ilizungushwa na kebo iliyotoka kwenye gia boksi, na kwa magari ya Japani kipimo kilichowekwa ni kwamba kebo izunguke mara 637 kwa kila kilometa. Kebo ilipoondolewa na sensa kuchukua nafasi yake, hesabu ile haikuachwa: kila mzunguko ulipewa mapigo manne, na hivyo kilometa moja ikawa mapigo 2,548. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, yaani kilometa moja kwa dakika, dashibodi hupokea mapigo kama 42 na nusu kwa sekunde. Hesabu hiyo ni sahihi mradi tairi ni lile lililokusudiwa.

Kabla ya kugusa waya wowote tulitaka kupima badala ya kuamini karatasi. Hesabu ya ubavu na rimu hutoa kipenyo cha tairi likiwa hewani, bila mzigo, lakini tairi lililobeba gari hujibonyeza pale linapogusa ardhi, na umbali linaokwenda kwa mzunguko mmoja huwa pungufu kidogo kuliko hesabu hiyo. Tulijaza upepo wa kawaida wa gari, tukachora mstari wa chaki kwenye ubavu wa tairi la nyuma na mwingine sakafuni chini yake, kisha vijana wawili wakalisukuma gari taratibu kwa mstari ulionyooka hadi ile chaki ya tairini ilipogusa sakafu kwa mara ya kumi. Tepu ilisoma mita 25.20. Bahati nzuri, kwenye mlango wa nyuma bado kulikuwa na spea ya saizi ya zamani ambayo haikuwahi kutumika. Tuliifunga mahali pa lile tairi, tukarudia kazi hiyo, na mizunguko kumi ikatupa mita 23.61. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata 1.067, kwa hiyo ongezeko halisi lilikuwa asilimia 6.7, si 7.0 ya kwenye karatasi. Ninapendelea njia hii ya chaki na tepu kuliko kikokotoo chochote cha kwenye simu, kwa sababu inapima tairi lenyewe likiwa na uzito wa gari lenyewe, na kwa sababu matairi ya kampuni mbili tofauti yanaweza kuandikwa saizi moja ubavuni na bado yasilingane kabisa.

Hatua ya pili ilikuwa barabarani. Tuliondoka na mzee mwenyewe asubuhi, tukashika barabara ya Makuyuni, ambako kuna vipande virefu vilivyonyooka na magari si mengi. Tulifungua GPS na kurudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. GPS ilipofikisha kilometa 20.0, kihesabu cha gari kilikuwa 18.7. Kwa upande wa mwendo, mshale ukiwa kwenye 50 GPS ilisoma 51, kwenye 80 ilisoma 82, na kwenye 100 ilisoma 103.

Msomaji makini atauliza: ikiwa tairi limeongezeka kwa karibu asilimia 7, kwa nini mshale umekosea kwa asilimia 2 au 3 tu, ilhali odomita imekosea kwa asilimia 6.7 kamili? Jibu la swali hilo ndilo kiini cha kisa hiki. Watengenezaji wa magari huiweka spidomita isome juu kidogo ya mwendo halisi, na hufanya hivyo kwa makusudi. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inasema kwamba mwendo unaoonyeshwa usiwe chini ya mwendo halisi hata kidogo, na usiuzidi kwa zaidi ya asilimia 10 ya mwendo halisi ukijumlisha kilometa 4 kwa saa. Odomita haikuwekewa nyongeza kama hiyo. Yenyewe huhesabu karibu sana na ukweli. Kwa hiyo katika dashibodi moja, kutokana na ishara moja, kuna vipimo viwili ambavyo tangu mwanzo havikubaliani.

Ukilielewa hilo, zile faini mbili zinajieleza zenyewe. Mzee alikuwa na kipimo chake cha siku zote: kwenye kijiji chenye kibao cha 50 alikuwa akiuacha mshale kwenye 53, kwa kuwa uzoefu ulimfundisha kwamba tochi haitamsoma zaidi ya 50. Na uzoefu huo ulikuwa wa kweli. Kwa matairi ya zamani, mshale wa 53 ulikuwa mwendo halisi wa 50. Kwa matairi mapya, mshale ule ule wa 53 ulikuwa mwendo wa karibu 54, na 54 ndiyo namba aliyoonyeshwa na trafiki mara ya kwanza. Mzee hakuwa ameongeza mwendo wala kuacha tahadhari. Ile akiba aliyowekewa na kiwanda ndiyo iliyoliwa yote na tairi, na juu yake likaongezwa deni. Nilipomweleza hivyo alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe mimi nilikuwa namlaumu askari."

Suala la mafuta lilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa mzee huandika lita na kilometa kwenye daftari kila anapojaza tangi, tabia ambayo ningependa kila mwenye gari awe nayo. Kabla ya kubadili matairi gari lilikuwa likienda kilometa 9.1 kwa lita, na baada ya kubadili daftari lilionyesha 8.1. Lakini hizo 8.1 zilihesabiwa kwa odomita iliyokuwa ikipunguza; ukizizidisha kwa 1.067 unapata 8.6. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya upotevu alioulalamikia haukuwahi kutokea. Kilichobaki, yaani ile nusu kilometa kwa kila lita, ni gharama halisi ya matairi mapana na mazito zaidi na ya gari lililoinuliwa ambalo sasa linakutana na upepo mwingi zaidi, na hiyo hakuna fundi wa nozeli anayeweza kuiondoa. Nozeli zake zilikuwa nzima.

Kuhusu njia ya kusahihisha, inategemea gari. Kwenye magari ya zamani yenye kebo, pinioni ndogo ya plastiki inayoendesha kebo kwenye gia boksi au transfa hubadilishwa kwa nyingine yenye idadi tofauti ya meno. Kwenye baadhi ya magari ya sasa, saizi ya tairi huingizwa kwa mashine ya uchunguzi. Kwa Prado hii tulitumia kisahihishi, kijisanduku kidogo cha kielektroniki chenye waya nne: wa umeme unaowaka kwa swichi, wa ethi, wa ishara inayoingia na wa ishara inayotoka. Hupokea mapigo, huyazidisha kwa kiwango ulichokipanga, kisha huyapeleka mbele.

Kazi ya kukifunga ilituadhibu, na kosa lilikuwa letu. Gari hili halina namna ya kuendesha magurudumu mawili tu, kwa hiyo tuliliinua magurudumu yote manne juu ya stendi, tukaweka gia na kuyaacha yazunguke hadi mshale ukafika 60, huku multimita, kile kipimo cha umeme, ikiwa kwenye waya za nyuma ya dashibodi. Kwenye waya mmoja tulipata 42 hazi, yaani mapigo 42 kwa sekunde, sawasawa na hesabu, tukashangilia, tukakata, tukafunga kisahihishi, tukaunga kwa risasi na kufunika kwa mpira wa kusinyaa. Tulipojaribu tena, mshale haukubadilika hata kidogo. Tulipoteza karibu saa nzima tukikishuku kifaa, hadi tulipofungua ramani ya umeme ya gari, ambayo ilipasa ifunguliwe kabla ya yote. Dashibodi ya gari hili haipokei tu ishara ya mwendo; huitoa pia, kwenda kwenye kompyuta ya injini na vifaa vingine. Waya zote mbili zina mapigo yale yale, na multimita haiwezi kukwambia upi unaingia na upi unatoka. Sisi tulikuwa tumekata unaotoka. Tuliurudisha ulivyokuwa, tukahamia kwenye waya unaoingia, na mara hii mshale ukaitikia. Faida ya kukifunga hapo ni kwamba vyote vinavyopata ishara kupitia dashibodi navyo hupata namba sahihi. Kompyuta ya breki yenyewe haikuguswa wala haikuhitaji kuguswa, kwa sababu kazi yake ni kulinganisha gurudumu moja na jingine, na yote manne yalikuwa yameongezeka sawa.

Tulikipanga kisahihishi kwenye asilimia 6.7, tukarudi barabara ya Makuyuni. Kilometa 20.0 za GPS zikawa 20.0 kwenye gari. Mshale wa 50 ukawa 47 kwenye GPS, wa 80 ukawa 77, wa 100 ukawa 96.

Mzee hakuridhika. Alikuwa ameishika simu mkononi, anaona 77 hapa na 80 pale, akauliza kwa haki kabisa, "Fundi, mbona bado inadanganya? Si tumelipia isome sawa?" Kijana wetu naye alikuwa upande wake, akapendekeza tushushe kiwango hadi asilimia 3 ili mshale ulingane na simu. Nilikataa, na bado naamini nilifanya sawa. Kifaa hiki kina namba moja tu inayotawala mshale na odomita kwa pamoja. Kwa asilimia 3 mshale ungelingana na GPS, lakini kilometa 20 zingehesabiwa 19.3, na kosa la umbali lingebaki likijikusanya siku zote katika ulaji wa mafuta, katika muda wa kumwaga oili na katika mkanda wa taimingi, ambao kwenye injini hii si wa kuuchezea. Kwa asilimia 6.7 umbali ni sahihi na mshale unarudi kuwa na ile akiba yake ya kiwandani, akiba ambayo mzee alikwishaizoea na ambayo imewekwa kwa ajili ya usalama. Nilimwambia, "Mzee, ukiona 53 kwenye mshale, ni kama ulivyokuwa ukiiona zamani." Hilo lilimtosha.

Kuna jambo la uaminifu ambalo fundi yeyote anayefanya kazi hii anapaswa kulitenda waziwazi, kwa sababu mjini kwetu kuna watu wanaotafutwa kwa ajili ya kushusha kilometa kabla ya gari kuuzwa, na mnunuzi akisikia kwamba spidomita imeguswa ana haki ya kutia shaka. Kisahihishi hakibadilishi kilometa zilizokwisha kuhesabiwa. Kinasahihisha zinazokuja tu. Gari lilikuwa limetembea kilometa 14,000 za odomita tangu matairi yafungwe, ambazo kwa kweli zilikuwa karibu 14,940. Hizo 938 zilizokosekana hatukuzirudisha kwenye odomita. Tuliziandika kwenye kitabu cha matengenezo pamoja na tarehe, saizi za matairi ya zamani na mapya, kiwango kilichopangwa, mahali kifaa kilipofungwa na sahihi zetu mbili. Oili nayo tulishauri imwagwe mapema kwa tofauti hiyo.

Mzee aliuliza kama tairi likiisha meno kifaa kitahitaji kupangwa upya. Tairi likipoteza milimita 8 za meno, kipenyo hupungua milimita 16, ambazo kwa tairi hili hazifiki asilimia 2, na kosa lake huelekea upande salama, yaani mshale husoma juu zaidi. Hatutagusa chochote mpaka atakapobadili saizi.

Kwa wenye magari ya abiria suala hili lina uzito mkubwa kuliko faini. Spidi gavana inayochukua mapigo ya sensa na kuzuia gari kwenye 80, gari likifungwa matairi makubwa kwa kiasi hiki bila kupangwa upya, itaruhusu mwendo wa kilometa 85 huku ikiamini inatimiza sheria. Kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, kwenye mabasi hakidanganyiki kwa njia hii, kwa kuwa kinategemea setilaiti, na dereva anayeshangaa kwa nini kinamripoti ilhali mshale wake uko kwenye 80 aanze kwa kusoma namba zilizo ubavuni mwa tairi.

Jumapili iliyofuata mzee alinipigia simu akiwa getini kwa shamba lake. Odomita ilikuwa imehesabu 171. Nilimkumbusha kuhusu spea, ambayo bado ni ile ndogo ya saizi ya zamani: gari hili huendesha magurudumu yote manne muda wote, na akipata pancha akaifunga kisha akasafiri nayo mbali, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, itakuwa ikifanya kazi mfululizo kufidia tofauti ya mizunguko hadi ipate joto na kuharibika. Ameahidi kununua la tano mwisho wa mwezi. Kwenye kitabu cha matengenezo tumeacha mstari wazi kwa ajili yake.